Vimulimuli Saba

Kisomamwendo kilifuatilia vyombo elfu arobaini angani kwa wakati mmoja. Kilisoma kasi ya kila chombo, kikailinganisha na mwendo wake wa jana, kisha kikaamua: hiki rafiki, kile adui. Mashine bwana, haina cha kusitasita. Asubuhi hiyo, katika Ngome ya Anga jijini Mbeya, kiliwasha taa nyekundu.

"Vyombo saba vinakizingira kimoja karibu na kituo chetu cha angani chenye watu tisa. Mwendo wa kuvizia. Naomba ruhusa ya kuviunguza kwa mionzi. Zimebaki dakika sita vikifikie."

Mhandisi Tusajigwe, mama wa miaka sabini na mmoja, alisogea kwenye kioo. Loo! Vilikuwa Vimulimuli, setilaiti ndogo walizojenga yeye na wenzake enzi zile, wahandisi wanane kwenye karakana yenye bati linalovuja, wakila makande kwenye sufuria moja na kutaniana kutwa nzima. Moyo ulimpasuka kwa furaha na hofu.

"Afande, usiviunguze! Havivizii mtu. Mwenzao amekufa, vimekwenda msibani."

Kamanda Lwitiko, kijana aliyekulia mikononi mwa mashine, alimkazia macho. "Mama, unanitania?"

"Sikutanii. Mwenzetu Ambakisye ndiye aliyevitungia amri: kimoja kikizimika, vingine viende vikae nacho siku tatu, vipime kilichokiua. Tulicheka mpaka machozi. Tukaiita matanga."

"Imeandikwa kwenye nyaraka zipi?"

Hapo ndipo walipokosea. Hawakuiandika popote. Nani angeandika kwamba marehemu haachwi peke yake? Pale karakana hilo lilijulikana.

"Hakuna," alisema. "Lakini vikibakiza mita mia vitasimama, vizime injini. Ngoja tu, Afande. Visiposimama, nifunge."

Lwitiko aliwafikiria wale watu tisa. Hata hivyo, aliondoa kidole kwenye kitufe.

Mita mia tatu. Mia mbili. Mia moja. Vyote saba vikasimama, vikazima injini, vikatulia.

"Hamadi!" Lwitiko alishusha pumzi. "Na wenzako wa karakana, mama, wako wapi siku hizi?"

"Wamekufa wote. Watatu niliwazika. Wanne walikufa nikiwa zamu hapa, nikaiagiza mashine ipeleke rambirambi. Hata kwa Ambakisye."

Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Vyuma vimekwenda, Afande. Mimi sikwenda."