Maoni Chini ya Blogu ya Kampuni

Kila siku baada ya masomo nilipitia ofisini kwa mama, nikaketi kwenye kona ya meza yake na kufanya kazi za shule. Mama alikuwa mwandishi wa blogu ya kampuni kubwa inayotengeneza programu za kompyuta. Kabla ya kuchapisha lolote, alinisomea mimi kwanza. Nikipiga miayo, alifuta. Kazini ubishi wangu ulimfaa, ingawa nyumbani ndio ulionipa jina la Mbishi.

Wiki hiyo sikuwa na hamu ya mzaha. Shuleni tulituma kazi zetu kwa programu ya kampuni hiyohiyo, na kazi za darasa zima zilikuwa zimepotea. Mwalimu wa sayansi alipoona nafasi tupu aliamini tumezembea. Akatangaza kwamba asiye na kazi zote tano hatashiriki mashindano ya sayansi siku ya Ijumaa. Mimi na jirani yangu wa dawati tulikuwa tumehangaika miezi miwili na chujio letu la maji. Roho iliniuma.

Mama aliwauliza mafundi wa kampuni, nao wakakubali kwamba kosa ni lao. Akaandika ukweli wote. Lakini mkuu wa mawasiliano, bwana mmoja nadhifu anayenyoosha tai kabla ya kusema, aliufuta akabakiza sentensi moja: "Tunaendelea kuboresha huduma zetu." Maneno hayo ungeweza kuyabandika juu ya kosa lolote duniani.

Sikuweza kuvumilia. Niliifungua blogu, nikaandika chini yake mahali pa maoni, kwa jina langu: "Mmepoteza kazi zangu tano. Semeni."

Kesho yake mkuu alituita mimi na mama ofisini kwake. Mezani alikuwa na karatasi ya mafundi. Ilionyesha kwamba kazi zangu nne zilipokelewa zikapotea, lakini ya tano haikutumwa kamwe.

"Mwanao anatuchafulia jina kwa uongo," alimwambia mama, "nawe unataka tumwombe radhi?"

Uso uliniwaka. Kazi ya tano sikuwa nimeifanya. Niliona kampuni inalaumiwa, nikaupachika uvivu wangu humohumo. Mama aliniangalia tu, na afadhali angenigombeza.

"Ya tano sikuifanya," nilisema. "Nitaandika hivyo palepale nilipodanganya. Lakini zile nne mlizipoteza nyinyi."

Mkuu akasema mtoto mwenye adabu hunyamaza wakubwa wakizungumza. Mama akanisogezea kompyuta. Niliandika, na kabla hatujaondoka pale wasomaji walikuwa wameanza kuuliza: mtoto amekiri, kampuni je?

Mama alimsomea mkuu maoni hayo, moja baada ya jingine, bila kuinua sauti.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kama blogu hii ni ya kujisifu tu, tafuta mwandishi mwingine. Mimi sitaiandika."

Mkuu alinyoosha tai. Kisha akampigia simu mkurugenzi. Kabla ya jioni blogu ilisema wazi: "Tulipoteza kazi za wanafunzi. Hawakuzembea. Tunawaomba radhi."

Mwalimu aliisoma, akawaomba radhi wenzangu na kuwaruhusu wote. Mimi nilikuwa na kazi nne. Ijumaa jirani yangu alilionyesha chujio letu peke yake, nami nikatazama kutoka viti vya nyuma.

"Umeumia?" mama aliniuliza tulipokuwa tukirudi nyumbani.

Nikamwambia nimeumia sana.

"Ukitaka mkubwa akiri kosa lake, mwanangu, usimpe lako la kujifichia. Nusura uongo wako mmoja uwaponze darasa zima."

Nilikubali. Kwa mara ya kwanza sikuwa na ubishi, ila swali moja tu: je, kampuni ikificha tena?

"Tutaandika tena," mama alisema. "Ila safari hii, uwe na kazi zako zote tano."