Utepe wa Tusajigwe

Taa za darasa zilipofifia, tepe zote ziliwaka samawati kwenye vipaji vya nyuso za wanafunzi. Mbele yao mpira wa nuru ulirushwa juu, ukaganda hewani, na mishale ya kani ikachomoza ubavuni mwake. Mwanafunzi yeyote alipoanza kukwama, ubongo wake ulitoa mshtuko mdogo wa umeme, ule ule unaomfanya mtu akunje uso mbele ya hesabu ngumu. Utepe-fahamu uliunasa mshtuko huo, ukautuliza, kisha ukafungua njia ya kuelekea kwenye jibu. Kufika mapumziko ya chai, kidato cha tatu kizima kilikuwa kimeelewa mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika.

Dkt. Atupele Mwasomola, mhandisi wa mishipa ya fahamu aliyeuvumbua utepe huo, alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Katika Mbeya ya miaka hiyo roboti walijenga nyumba na kupasua wagonjwa, lakini watoto walikuwa bado wanalia kwa sababu ya hisabati. Mmoja wao alikuwa Tusajigwe, binti yake. Ndiyo maana utepe wa kwanza kabisa alimvalisha yeye. Sasa Tusajigwe aliongoza darasa lake.

Jumamosi, wakiwa jikoni, Atupele alidondosha sumaku ndani ya bomba la shaba. Badala ya kuanguka, ilishuka taratibu kama inayozama kwenye asali. Zamani mtoto huyu angelinyakua bomba, angelichungulia, angeuliza maswali mpaka chakula kiungue.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Unajua ni nini kinaizuia?"

"Hapana. Bado hatujafika huko."

"Na hutaki kujua?"

Tusajigwe alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na kukikosa. "Tukifika, utepe utanielewesha," alisema, akaendelea kumenya viazi.

 Tangu siku hiyo Atupele hakumvalisha tena utepe.

Wiki iliyofuata alizipitia upya picha za ubongo za wanafunzi, akaona kosa lake. Ule mshtuko haukuwa uchungu wa kutoelewa tu. Ulikuwa pia hamu ya kujua, ikichipua. Mzizi ulikuwa mmoja. Kwa watoto walioutumia utepe muda mrefu, mshtuko haukutokea tena, hata wakiwa wameuvua.

Alimfuata Mwalimu Kalinga, aliyefundisha fizikia shuleni hapo tangu enzi za ubao.

"Mwalimu, ni lini mwanafunzi alikuuliza swali mara ya mwisho?"

Mzee alianza kuhesabu wiki kwa vidole, akaacha. "Sikumbuki, Daktari." Akavua miwani. "Nilidhani ni nidhamu. Hata kwa wazazi nilikuwa nawasifia."

"Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye niliyewaharibu. Utepe umezima hamu yao ya kujua."

"Haitarudi?"

"Tusajigwe nimemvua utepe. Kila siku nampima. Sioni hata cheche."

Mwalimu Kalinga aligeukia dirisha, akalia.

Wizara ilikuwa imeshapanga kuzigawia shule zote za sekondari tepe hizo. Atupele aliwapelekea wakubwa matokeo yake yote, nao wakamjibu kwamba ufaulu haujawahi kuwa mzuri kiasi hicho. Basi asubuhi moja, katikati ya somo, aliingia kwenye chumba cha mitambo akauzima mtambo mkuu ulioendesha tepe zote, akauchoma moto ubongo wa mtambo huo.

Darasani mpira wa nuru ulitoweka. Tepe zikazimika. Wanafunzi waliketi kimya, mikono juu ya madawati, wakisubiri. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama kilichotokea.

Jioni Atupele alimpakulia binti yake chakula.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, machozi yakimtiririka.

Tusajigwe alimtazama kwa upole.

"Nimekusamehe, mama," akajibu, akavuta bakuli la kachumbari.

Hakuuliza kosa lenyewe lilikuwa lipi.