Utumbo Uliooshwa Chemchemini

Chai ilinuka chura, na kati ya wote waliokaa jikoni kwa Bibi Yangchan, ni Chuskit peke yake aliyejua kwa nini.

Walikuwa wametoka mjini Leh asubuhi, yeye na rafiki yake Diskit na Namgail mwenye gari, kuja kutembea tu: kupanda kwa watawa kule juu ya jabali, kupiga picha mashamba ya shayiri pale maji yanapokoma na jangwa linapoanza, na kula aprikoti mpaka matumbo yawaume. Bibi Yangchan alikuwa nyanya yake Diskit. Tena baada ya mavuno Chuskit alikuwa aolewe na kaka yake Diskit, aje awe mke wa nyumba ileile. Kwa hiyo alijitia ubingwa. Utumbo wa kondoo, ule wa kujazwa damu na unga, alisema atauosha yeye.

Siku hiyo mgawa maji alikuwa ameufunga mfereji wao, zamu ilikuwa ya mashamba ya chini. Bibi akamwambia ashuke mtoni. Mto uko mbali, na jua la huko juu halina adabu. Chemchemi iko hatua kumi nyuma ya nyumba, na kando yake kijumba cheupe cha jini wa maji, ambaye wenyewe humwita lu, na ambaye hataki damu wala uchafu karibu yake. Mtoto wa miaka mitatu wa pale anajua hilo. Chuskit naye alijua. Akatazama huku na huku, akaupindua utumbo ndani ya chemchemi, na mavi ya kondoo yakatoka kijani, yakazunguka mara moja, yakazama kama yaliyovutwa. Alishtuka kidogo, lakini uvivu haukosi majibu.

"Umeshuka mtoni na kurudi upesi hivi?" Namgail alimtania. "Umeota mabawa, dada?"

Wengine walionja tu chai ile ya maji ya chemchemi wakaiacha, lakini Diskit, aliyependa chai ya siagi na chumvi kuliko nafsi yake, alikunywa vikombe vitatu vya maji yale. Kulipokucha shingo yake ilikuwa imefura, ngozi imelainika na kuteleza kama ya samaki aliyelala, na malengelenge yake yakipasuka yalitoa ute wa kijani ulionata kwenye mto wa kulalia. Chini ya ngozi kitu kilikuwa kikinguruma taratibu, kama tumbo la mwenye njaa. Chuskit alimpangusa huku akizuia pumzi, na alijichukia kwa kuona kinyaa.

Bibi akamwita mganga, mkulima mwenzake ambaye jana tu alikuwa akipalilia viazi. Mama yule alivaa taji lake, akatetemeka, na pepo wake wa uganga alipokwisha kumpanda aliuweka mrija wa shaba kwenye shingo ya Diskit akafyonza, akafyonza tena, mashavu yakimtuna, akatema bakulini ute mweusi, kisha mabonge, kisha kipande cha utumbo chenye mavi ndani yake bado, na jikoni kukanuka machinjio mpaka Namgail akatoka mbio kutapika.

"Nani ametia damu kwenye maji?" mganga aliuliza, kwa sauti nzito isiyo yake.

Bibi Yangchan alimgeukia Chuskit. "Mwanangu, kama ni wewe sema," alinong'ona. "Nitakasirika, halafu itapita. Kama ni wewe tutampelekea lu maziwa, utamwomba radhi, basi."

Chuskit aliiona harusi yake ikizama kama yale mavi. "Mimi nilishuka mtoni, bibi. Labda ni mbwa. Nilimwona na kitu mdomoni."

Mganga alicheka. "Mbwa. Haya. Mimi nimemwambia lu arudi kwa aliyemchafua. Kama ni mbwa, atamkuta mbwa."

Mchana Diskit alikuwa amepona, shingo kavu, anadai chakula. Walipoaga, mbwa alikuwa akinywa maji ya chemchemi, mzima, mkia ukimcheza. Bibi alimtazama mbwa, kisha akamtazama Chuskit.

Njiani Chuskit alihisi uzi umekwama nyuma ya jino. Kinywa kilimnuka chura.

"Wifi, unanuka nini?" Diskit aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

Chuskit alitia vidole akaushika ule uzi, wa moto, laini, unaoteleza, akavuta, na ukaja, ukazidi kuja, ukimwagika magotini wa kijani na kamasi zake, na kila alipovuta alisikia kitu kikifunguka kule chini kitovuni, na alitaka kusema ni mimi, geuzeni gari, nirudisheni kwa bibi, lakini kinywa kilikuwa kimejaa. Akauachia. Ndipo upande wa ndani nao ukaanza kuvuta.