Shubiri Moja Kulia

Kwa nini risasi ilikwenda kulia?

Chiku Selemani alikuwa amepiga goti katikati ya barabara ya Kalenga, vumbi la Peugeot 404 nyeupe likimshukia kichwani, Smith & Wesson .38 ikifuka moshi mkononi mwake. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa hatua ishirini tu mbele yake alipofyatua. Alilenga kama alivyofundishwa. Alishusha pumzi kama alivyofundishwa.

Mara tatu alifyatua. Mara tatu risasi ilitoboa bati la buti, kulia kwa gurudumu.

Peugeot ilipinda kona ikatoweka.

Aliyekuwa ndani yake ni Eliezeri, mchoraji wa ramani ambaye mradi wa reli ulimwamini kwa miaka mitatu. Kwa kamera ya Minox alikuwa amepiga picha michoro ya kila daraja kati ya Makambako na Mbeya. Filamu yenyewe haikuzidi kidole gumba. Walowezi wa kusini, waliokuwa wakimlipa, waliingoja kwa hamu. Wakiipata, jasho la maelfu ya watu lingelipuliwa kabla garimoshi la kwanza halijapita.

Redio ilikoroma ndani ya Land Rover.

"Mlima kwa Njiwa. Umemzuia? Ova."

"Hapana, afande. Ova."

"Umetumia ngapi?"

"Tatu."

Akilini Chiku alimwona Saulo, mkuu wake, ofisini kule Mbeya, akisugua paji la uso.

"Ndugu Chiku, bastola hiyo nimeibeba miaka kumi. Nimekuachia wewe kwa heshima. Haijapata kunikosesha hata siku moja. Kosa ni la mkono. Sikiliza: tumenasa ujumbe wao. Ndege ndogo itatua saa nane mchana, mbuga ya Usangu, upande wa Madibira. Mfuate, mtazame, usifyatue. Mimi nakuja na askari. Jumatatu utaripoti masjala. Ova."

Masjala! Miaka miwili alikuwa amepanga mafaili humo kabla ya kuruhusiwa kushika silaha. Chiku alirudisha kipaza sauti mahali pake taratibu, maana angekirudisha kwa nguvu kingevunjika.

"Dada, masjala kuna kivuli," alisema Sedekia, dereva wake, Mhehe mwenye mvi na mdomo usiotulia. "Na chai saa nne."

"Endesha, Baba Lusia."

"Naendesha. Nasema tu kwamba chai ipo."

Saa sita walikuwa Usangu. Mbuga ilikuwa nyeupe kwa ukame, tambarare kama sinia. Sedekia alisimamisha gari kwenye boma la Nkuba, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, fundi aliyetengeneza magobore ya wawindaji wa tarafa nzima. Kutoka bomani waliweza kuona kila kinachosogea mbugani.

Hakuna kilichosogea ila ng'ombe. Ndugu yake fundi, Masunga, alikuwa akiwachunga mbali kidogo.

Chiku aliketi kivulini akaitazama bastola kama mtu anavyomtazama rafiki aliyemsaliti.

"Mayu," alisema Nkuba, akimwita mama kwa heshima ya kwao, "chuma hicho kimekuudhi."

"Kinapiga kulia, Mzee Nkuba. Au mimi ndiye ninayepiga kulia. Sijui."

"Kama hujui, tuulize."

"Tumuulize nani?"

"Chuma chenyewe. Kwetu bunduki ikikosa haiguswi kwa tupa mpaka watu watatu waipige. Mmoja akikosa, mgonjwa ni mtu. Watatu wakikosa mahali pamoja, mgonjwa ni chuma."

"Nina risasi tano tu!"

"Basi utabaki na mbili unazozijua, badala ya tano usizozijua."

Chiku alitaka kukataa. Kila kanuni aliyoisoma ilimwambia akatae. Lakini hasira iliyokuwa kifuani mwake tangu Kalenga haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Akakubali.

Nkuba alipaka jivu kwenye kigogo, duara la ukubwa wa kikombe, akahesabu hatua ishirini.

Chiku alifyatua. Shubiri moja kulia.

Sedekia alifyatua, jicho moja limefumbwa na ulimi nje. Shubiri moja kulia, juu kidogo.

Nkuba alichuchumaa, akaegemeza mikono yote miwili juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza kifyatuo polepole hata mlio ulimshtua mwenyewe.

Shubiri moja kulia.

Watu watatu hawawezi kukosea sawasawa.

Fundi alipitisha ukucha kwenye kile kipande chembamba cha chuma kilichosimama mdomoni mwa mtutu, kile ambacho macho hukiweka katikati ya ufa wa nyuma wakati wa kulenga. Akakisugua kwa kitambaa. Chini ya nta ya kung'arishia yalitokea meno madogo madogo.

"Alama za koleo," alisema. "Mtu amekikunja. Kimeinama kushoto. Wewe ukikirudisha katikati ya ufa, bila kujua unaupeleka mtutu kulia."

"Kinyooshe!"

"Sikinyooshi. Chuma baridi kikikunjwa mara ya pili hukatika, na moto wangu utauharibu mtutu. Hii ni kazi ya karakana ya mjini. Leo, mayu, kinyooshe kwa jicho. Unachokitaka, kiache shubiri moja, ulenge kushoto kwake."

"Nilenge pasipo na kitu?"

"Pasipo na kitu."

Mbugani moshi mweupe ulipanda ghafla, wima, kama kamba. Alama kwa rubani.

Peugeot ilikuwa imesimama ukingoni mwa malisho. Eliezeri alikwisha kuwasha majani mabichi, lakini kitu kimoja hakuwa amekiweka kwenye mpango wake: ng'ombe mia mbili wa Masunga walikuwa wametanda pale pale ndege ilipotakiwa kutua. Sasa alikuwa amemshika mchungaji ukosi, bastola sikioni, akimlazimisha awaondoe.

Juu, mbali, injini ya Cessna ilianza kuvuma.

Chiku alitambaa nyuma ya kichuguu. Hatua arobaini. Thelathini. Ishirini. Akasimama.

"Eliezeri! Idara ya Usalama! Tupa silaha!"

Eliezeri aligeuka, akamvuta Masunga mbele yake. Kisha akacheka.

"Ni wewe, binti? Wa Kalenga? Buti langu linakusalimu!"

"Tupa silaha."

"Piga basi! Ukimpata huyu mchunga ng'ombe utakuwa umeendelea, maana asubuhi hukupata hata gari!"

Kwa macho ya Chiku, Masunga alikuwa upande wa kulia. Kushoto palionekana bega moja tu la Eliezeri, lile la mkono ulioshika bastola. Kati ya bega hilo na uso wa Masunga palikuwa na shubiri moja.

Alikielewa kile alichokiona. Akililenga bega, atamuua Masunga.

Usifyatue, alisema Saulo. Mkono wako una kosa, alisema Saulo.

Watu watatu, alisema fundi.

Chiku aliweka kile chuma kilichopinda katikati ya ufa. Akasogeza mikono kushoto. Bega likatoka kwenye shabaha. Sasa alikuwa akilenga moshi, nyasi, hewa tupu, na kila mshipa wa mwili wake ulipinga.

Akabonyeza.

Eliezeri alizunguka kama mlango uliopigwa teke. Bastola yake ilirukia majanini na yeye akaanguka ameshika bega. Masunga hakungoja kuambiwa. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mrefu, na wale ng'ombe waliokwisha kuanza kutawanyika walirudi mbio, wakajaa mbuga yote kwa mavumbi na pembe.

Cessna ilishuka. Ikaona. Ikapanda tena kwa kelele, ikaelekea kusini mikono mitupu.

Filamu waliikuta ndani ya Peugeot, kwenye kopo la Kimbo, chini ya mafuta ya kupikia.

Saulo alifika saa tisa na askari wanne. Alimtazama majeruhi akifungwa bendeji, kisha akamgeukia Chiku.

"Nilikuambia usifyatue. Bahati imekusaidia."

"Si bahati, afande. Chuma kimepinda. Kimekunjwa kwa koleo."

"Koleo ni langu," alisema Saulo bila kusitasita. "Ilitoka ghalani ikipiga kushoto. Nikainyoosha mwenyewe. Lete, nikuonyeshe."

Ilikuwa imebaki risasi moja. Saulo aliweka kopo tupu la Kimbo juu ya kichuguu, akahesabu hatua ishirini, akafyatua. Kopo lilirushwa juu, tundu katikati kabisa.

"Mmeona? Ina kosa gani?"

Ndipo Nkuba, aliyekuwa amefika na Sedekia kwa Land Rover, alipoanza kucheka.

"Mzee mwenzangu, umevuta kifyatuo kwa kiganja kizima, kama mtu anayekamua. Ukikamua, mtutu unakimbilia kushoto. Chuma ulichokikunja kinaurudisha kulia. Makosa mawili yameoana, yamezaa shabaha."

Sedekia aligeuka haraka kukagua tairi lisilokuwa na tatizo lolote.

Saulo aliigeuzageuza bastola mkononi. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Chiku alifuta vumbi mikononi, akatembea bila haraka hadi kwenye Land Rover, akafungua mlango. Hapo aligeuka, akasema kwa sauti ambayo askari wote waliisikia:

"Bastola baki nayo, afande, imezoea mkono wako. Mimi sirudi masjala. Jumatatu nitachukua nyingine ghalani, ipigwe kwanza na watu watatu, na leo hii naandika ripoti kama mambo yalivyokuwa, koleo likiwemo."