Punje Nyeusi za Mbuchi

Kufuli halikuvunjwa. Ndani ya stoo kila kitu kilikuwapo: darubini, jenereta, hata simu ya dereva iliyoachwa kwenye chaji. Kilichoibwa ni kikopo cha plastiki chenye punje za mpunga zilizoungua.

"Zilizoungua," alirudia Inspekta Gaudens, aliyetoka Kibiti alfajiri na kulowa hadi magotini aliposhuka kwenye boti. "Dokta, nimeacha kesi ya ng'ombe wa watu kwa ajili ya masizi?"

Dokta Consolatha hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea ya kale. Alichimba majivu ya mafiga ya watu waliokufa zamani, akayamimina kwenye pipa la maji, na mbegu zilizogeuka mkaa zikaelea juu, akaziopoa kwa chujio. Msimu baada ya msimu delta ya mto ilimpa matope tu. Sasa alikuwa amepata mpunga, na kikopo kilikuwa kipelekwe maabara kupimwa umri. Bila majibu hayo wafadhili wangeufunga mradi wake.

Alama za vidole hazikusaidia, maana stoo ile kila mtu aliishika. Ufunguo wenyewe ulitundikwa msumarini jikoni, kila mpita njia akiuona. Gaudens alianza na Felix, dereva, aliyeonekana akitoka stoo.

"Ulifuata nini?"

"Simu yangu, afande."

"Mbona imebaki humohumo?"

"Ilikuwa haijajaa."

Lilikuwa jibu la kipuuzi mno hata lisiweze kuwa uongo. Gaudens alimweka chini ya ulinzi hata hivyo, kwa hasira ya kukosa mwingine.

Jioni alikwenda kwa Ismaily, mwenyeji wa Mbuchi aliyeajiriwa kuchota maji na kutunza lile pipa. Mkewe, Habiba, alimkaribisha kwa chai na sahani ya pepeta. Gaudens, mtu wa bara, hakuijua. Habiba alimweleza kwamba ni mpunga mchanga, hukaangwa na maganda yake, kisha hutwangwa. Inspekta alitafuna, akakuta kitu kichungu mdomoni, akatema kiganjani punje nyeusi.

Alitoa simu na kufungua picha ya mali iliyoibwa. Punje ile na zile hazikuwa na tofauti.

"Huungua hivi, shemeji?"

"Ukizubaa tu, afande. Mwenzangu huyu aliunguza chungu kizima kule kambini kwa dokta."

Mlangoni, Ismaily aliinamisha kichwa.

"Chungu ulikioshea wapi?" Gaudens aliuliza.

"Kwenye pipa."

"Pipa la dokta?"

"Nilidhani maji yale ni ya kumwaga. Asubuhi akamimina udongo wake humohumo, akaona punje nyeusi zimetanda. Afande, yule mama alilia kwa furaha, akanishukuru kwa kazi nzuri. Ningeanzia wapi?"

"Ukaamua kuiba."

"Nikasikia huko maabara wanajua hata miaka. Wangemcheka, dokta mzima kapeleka pepeta. Nikachukua kikopo, nikakimwaga mtoni."

Gaudens alihisi nafuu iliyochanganyika na uchovu. Alimpeleka kwa Consolatha, akaeleza yote, na mwisho hakuweza kujizuia.

"Kwa hiyo hujaibiwa kitu, dokta. Ulikuwa unatunza chakula cha watu. Nawe mtaalamu hukuzitambua?"

"Niliziona nilivyotaka kuziona," alisema Consolatha. Uso ulimwiva kwa aibu. Kisha akamgeukia Ismaily. "Uliunguza lini?"

"Usiku wa kuamkia siku ile uliyolia, dokta."

Consolatha akakaa chini taratibu.

"Za kwanza nilizipata kabla ya hapo. Chache tu. Mpunga wenu ulikuwa bado unachanua, hakuna aliyekuwa akikaanga pepeta."

"Hukutuambia," alisema Ismaily.

"Nilitaka ziongezeke kwanza. Niliogopa kuchekwa."

Ismaily alimsogelea. "Uliziweka wapi?"

"Kikopo kilekile."

Ismaily alianza kulia bila sauti. Gaudens aliwatazama, kila mmoja alificha ukweli kwa kuogopa kicheko, na hasira ikampanda upya, safari hii asijue amkasirikie nani. Kesi alikuwa ameimaliza na mwizi alikuwa mbele yake. Akaagiza Felix aachiwe. Nje maji yalikuwa yanakupwa, na kilichomwagwa mtoni kilikuwa kimeshafika baharini kitambo.