Sufuria ya Presha na Kiatu cha Kulia

Kila asubuhi mkamwana alimletea baba mkwe wake kiatu kimoja, cha kushoto. Mguu wa kulia ulikuwa na kidonda kwenye kidole gumba. Ulifungwa bandeji, nao ulivaa kandambili pana ya ngozi laini ambayo mzee aliishona mwenyewe. Kiatu cha kulia kilibaki chini ya kitanda, kikishika vumbi.

"Mambo ya dunia haya," mzee alikuwa akisema. "Fundi viatu mzima, anatembea na kiatu kimoja!"

Mkamwana alicheka kidogo ili asimvunje moyo, lakini ndani hakucheka. Mzee alikuwa na kisukari. Kaka yake mkubwa alikuwa nacho pia, na kidonda chake kilianza hivihivi, kidogo tu. Mwisho wake alikatwa mguu. Mwaka ule mzee alimshonea kaka yake kiatu kimoja badala ya viwili. Tangu hapo habari hiyo hakupenda kuigusa.

Muuguzi wa kliniki aliwaambia bila kuzunguka.

"Dawa asiruke hata siku moja. Kidonda mje tukisafishe hapa. Na chakula kibadilike. Wali mweupe unapandisha sukari haraka. Jaribuni mchele wa kahawia, ule ambao bado una ganda lake la ndani. Lakini nao ni wali, sio dawa. Mpakulieni robo ya sahani tu. Nusu iwe mboga, na robo iliyobaki iwe maharage au samaki."

Mkamwana akanunua mchele wa kahawia. Akaupika kwenye jiko la mkaa kama alivyofundishwa na mama yake. Maji yalipokauka alifunika, akaweka jiwe juu ya mfuniko mvuke usitoke. Alipofunua, punje zilikuwa ngumu. Akaongeza maji, akaongeza mkaa. Sasa wali ukarojeka kwa nje, na ndani bado una kiini kigumu.

Mzee alikula vijiko vichache, akarudisha sahani.

"Nimeshiba, mwanangu. Ubarikiwe."

"Baba, mbona hujala?"

"Nimekula. Tumbo la mzee lina nafasi gani?"

Alipoosha vyombo, mkamwana aliona kitu. Chini ya mboga palikuwa na wali uliotafunwa ukatolewa, umefichwa vizuri. Akaumwaga, akaendelea kuosha. Jioni ya kesho yake mzee alirudi kazini na punje ya wali mweupe kwenye ndevu. Usiku ule mkamwana hakulala vizuri. Alijua sasa kwamba mzee anakula mgahawani, na kidonda kilikuwa kimeanza kutoa majimaji tena.

Juu ya kabati kulikuwa na sufuria ya presha ya umeme. Wifi yake aliileta zawadi, na hakuna aliyewahi kuitumia. Kila mtu aliiogopa. Kijitabu chake cha maelezo kilishatumika kuwashia mkaa siku nyingi.

Siku ya mapumziko, mkamwana akaishusha. Mzee alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni, akipaka gundi soli ya kiatu cha mteja.

"Unapikia hiyo?" aliuliza. "Presha ninayo mwilini, sasa mnaniletea na ya jikoni."

"Tujaribu tu, Baba. Labda italainisha."

Akatia mchele na maji, akafunga mfuniko, akachomeka umeme, akabonyeza. Baada ya muda kitundu cha juu kikaanza kutoa mvuke. Shiii! Haukukoma. Mkamwana akafikiri: mvuke wote ukitoka hivi, wali utaiva na nini? Maisha yake yote alizuia mvuke. Akachukua kitambaa kibichi, akakikunja, akakiweka juu ya kitundu. Juu ya kitambaa akaweka jiwe lake lilelile. Kelele ikafifia. Akafurahi.

Wakati huo Mama Sauti aliingia kurudisha chekecheo. Huyu alikuwa jirani yao, mpishi wa jiko la hospitali. Aliitwa Mama Sauti kwa sababu ukimsikia anabisha hodi, bado yuko nyumba ya tatu.

"Hodi wenyewe! Chekecheo lenu hili, msije mkasema nimelioa..."

Akaona jiwe. Sauti yake ikashuka kabisa. Hapo ndipo mkamwana alipoogopa.

"Mdogo wangu, usiiguse," alisema polepole. "Rudi nyuma. Mzee, inuka, toka hapo mlangoni."

"Kuna nini?"

"Toka kwanza, utauliza baadaye."

Mzee akachechemea hadi uani. Mama Sauti akapita ubavuni mwa ukuta, akazima swichi. Hakuligusa jiwe. Wakasimama wote uani, wakiitazama sufuria kupitia mlango kana kwamba ni mnyama aliyelala. Kitambaa kilifuka mvuke pembeni. Muda mrefu ulipita.

"Unaona kile kipini kidogo cha chuma kwenye mfuniko?" Mama Sauti alisema. "Kikiwa juu, ndani kuna presha. Usifungue wala usilazimishe. Kikishuka chenyewe, presha imekwisha."

Kipini kilishuka. Ndipo Mama Sauti akaondoa jiwe na kitambaa. Mkamwana alikaa chini.

"Ningemuunguza Baba," alisema. "Alikuwa amekaa palepale."

"Ungemuunguza, na wewe pia. Lakini sikiliza, wazo lako la kuzuia mvuke lilikuwa sawa. Ulikosea njia tu. Tazama kidude hiki cha juu ya kitundu. Ukikigeuza huku, mvuke unatoka. Ukikigeuza huku, kinafunga. Ulikiacha wazi. Na hata kikiwa kimefungwa, presha ikizidi kitatoa mvuke chenyewe. Huo ndio usalama wa sufuria. Usikizibe kwa kitambaa, jiwe, wala kitu chochote."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, akiegemea mguu mzima.

"Irudisheni kabatini," alisema. "Kwa ajili yangu mimi tusichome nyumba."

"Baba, kaka yako alikatwa mguu," mkamwana akasema. Neno lilimtoka kabla hajalipima. Hakuwahi kumsemesha mkwewe hivyo. "Na mimi huo wali wa mgahawani nimeuona. Punje ilikuwa kwenye ndevu."

Mzee akashika ndevu zake. Kisha akajibu kwa sauti ndogo.

"Magego yamekwisha, mwanangu. Ya chini yote. Ule wali wako ni kokoto kwangu. Niliona haya. Mtu utamwambiaje mkamwana wako kwamba huna meno?"

"Ungeniambia mimi, Mzee," alisema Mama Sauti, sauti yake ikianza kurudi. "Mimi ningeutangazia mtaa mzima."

Mzee akacheka. Alicheka huku anafuta macho.

Mama Sauti akafunga kanga yake vizuri. "Haya, tunaanza upya. Ule wa kwanza utaingia kwenye supu. Mdogo wangu, leo mimi sishiki kitu. Mikono ni yako."

Mkamwana akaosha kikombe kimoja cha mchele, akauchuja, akautia kwenye sufuria ya ndani.

"Maji je?"

"Kikombe kilekile, kimoja na robo. Mvuke hautoki ovyo, kwa hiyo maji hayapungui kama kwenye mkaa. Chumvi kidogo sana. Na siku ukipikia wengi, mchele na maji visipite nusu ya sufuria. Mchele unavimba, tena unatoa povu, povu linaziba kitundu. Sasa futa sufuria ya ndani kwa nje, isiingie na maji kwenye umeme."

Mkamwana akaifuta.

"Mpira wa mfuniko umekaa sawa? Pitisha kidole. Kitundu ni safi? Funga. Kidude kigeuze upande wa kufunga. Dakika ishirini na mbili."

Mvuke kidogo ukatoka, kipini kikapanda, kukawa kimya. Mkamwana hakuuzoea ukimya huo. Kila mara mkono wake ulitaka kufunua aonje.

"Acha!" Mama Sauti alimwambia. "Hii sio ya kufunua."

Muda ulipokwisha, sufuria ikalia. Mkamwana akainuka.

"Bado. Iache dakika kumi, imalizike yenyewe. Wali unalainika hapo." Dakika zilipopita, akampa mwiko mrefu. "Geuza kidude kwa mpini wa mwiko. Uso mbali, mkono mbali. Mvuke ukikoma na kipini kikishuka, fungua ukielekeza mfuniko upande usio na mtu."

Mkamwana akafungua. Akachukua punje, akaibonyeza kwa vidole viwili. Ikapondeka yote, hadi katikati.

Alimpakulia mzee robo ya sahani, mboga nusu, maharage robo. Mzee akatafuna polepole kwa meno ya mbele. Hawakumtazama. Akasukuma sahani.

"Ongeza," alisema.

"Mboga, Baba. Wali ni huo tu."

"Basi mboga."

Tangu siku hiyo mzee alibeba chakula chake kazini kwenye kopo. Dawa hakuruka, na kliniki hakukosa. Sukari yake ilishuka polepole, na kidonda kikaanza kukauka. Muuguzi alisema ni kazi ya vyote pamoja: dawa, usafi na chakula. Mama Sauti alisema ni kazi yake yeye, na mtaa mzima ukasikia.

Mvua zilikuja zikapita. Ngozi mpya ikafunika kidole. Muuguzi akakikagua, akaruhusu kiatu, mradi kisibane. Siku ile mzee alichukua kiatu cha kulia, akakitia kalibu ya mbao yenye umbo la mguu, akakitanua, akakibandika ngozi laini kwa ndani.

Asubuhi mkamwana alimletea kiatu cha kushoto kama kawaida, akageuka aende kuosha mchele.

"Mwanangu," mzee akamwita. "Umesahau kimoja."