Tembo la Mzee Inas

Kila nilipotoka shule, kazi yangu ilikuwa kupokea tembo la mnazi. Mzee Inas alishuka mnazini, akanikabidhi mtungi, nami nikaupeleka kwenye tanuri la Babu Mingel. Hapa kwetu Goa unga wa mkate huumuliwa kwa tembo. Wazee husema Wareno walipokosa hamira waliwakimbilia wagema wetu. Wao walikwisha kwenda zao. Mkate ukabaki, nao ni wetu.

Siku moja kabla ya sikukuu ya kanisa niliwakuta wenzangu wakicheza mpira njiani. Nikauweka mtungi kando ya ukuta, nikajitosa mchezoni. Mpira ukaupiga mtungi, na kabla sijauinua, nusu ya tembo ilikuwa imemwagika. Niliogopa sana. Nikajazia maji ya kisima, nikaupeleka, nikanyamaza.

Jioni unga ulikuwa bado umelala vilevile ulivyokandwa. Babu aliubonyeza, shimo la kidole likabaki palepale. Mikate mia tatu ya sikukuu ilikuwa imeagizwa.

Shangazi Rozalin alionja tembo lililobaki mtungini, akatema.

"Maji matupu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na nyinyi mmemsifu miaka thelathini."

"Inas hawezi," babu akasema.

"Basi maji yameingia yenyewe kwa miguu?"

Mzee Inas akaitwa. Alikuja na mundu wake kiunoni, akaonja, akakunja uso.

"Hili silo nililogema."

"Limetoka mkononi mwako," babu alimwambia.

"Mingel, wewe unanijua."

"Nilidhani nakujua."

Mzee Inas akafungua mkanda, akauweka mundu mezani.

"Tafuteni hamira ya dukani. Mimi minazini sipandi tena."

Alikuwa mgema wa mwisho katika mtaa wetu. Wanawe wote walikuwa mabaharia, hakuna aliyejifunza kupanda. Alianza kuelekea mlangoni. Hakuna aliyenitazama mimi. Ningeweza kunyamaza hadi leo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Maji nimeyatia mimi," nikasema.

"Rudia," shangazi akaniambia.

"Nililimwaga nikicheza mpira. Nikajazia maji. Mzee Inas hana kosa."

Shangazi aliinamisha kichwa. Babu hakunipiga. Alinishika bega, akanipeleka mbele ya Mzee Inas nimwombe radhi, na nilipomaliza akaomba yeye pia.

"Nimekuvunjia heshima nyumbani kwangu, Inas. Nisamehe."

Mzee Inas alirudi mezani, akauchukua mundu.

"La jioni bado halijagemwa," aliniambia. "Efijini, beba mtungi. Na mpira uuache hapa."

Nilimfuata mnazi hadi mnazi, nikaushika mtungi kwa mikono miwili. Babu alikanda upya, na safari hii unga ulifura hadi ukainua kitambaa kilichoufunika. Mikate ilifika kanisani ingali moto.

Babu alinikalisha karibu na tanuri.

"Mimi sijawahi kumchunguza Inas akigema," alisema, "wala yeye hajawahi kunichunguza nikioka. Mkate huu umeishi miaka yote kwa kuaminiana hivyo. Kumwaga tembo ni ajali, mjukuu wangu, kesho litagemwa jingine. Lakini ungenyamaza, ungemmwaga Inas, na mtu kama yule hagemwi mara ya pili."